Tarumbeta wa Chumba cha Udobi

Mwanamke ninayemsimulia hapa amefua shuka za wagonjwa kwa miaka kumi na tisa. Mgonjwa anayelala juu ya shuka safi humshukuru Mungu, kisha daktari, kisha muuguzi, dobi hakumbukwi. Yeye hakuwahi kulalamika kwa hilo. Alichotaka, na alikitaka kwa moyo wake wote, kilikuwa kimoja tu: awe msimamizi wa chumba alichokijua kuliko jiko lake mwenyewe.

Chumba cha udobi kiko nyuma ya jengo kuu la hospitali, karibu na tangi la maji. Ndani mna mashine tatu kubwa za kufulia, mbili za kukaushia, na pasi ndefu ya roli inayomeza shuka mbichi upande mmoja na kuitema upande wa pili ikiwa kavu na imenyooka. Zikiwaka zote kwa pamoja, huwezi kusikia hata chafya yako. Kwa hiyo watu wa humo husemeshana kwa kupiga kelele, na pale kelele zisipofika, hutazamana midomo. Mgeni akichungulia hudhani wanagombana, kumbe mmoja anamwuliza mwenzake kama ameshakunywa chai.

Katika kelele hizo, yeye aliwashinda wote. Sauti yake ilivuka mashine tatu, ikapita mlangoni, ikawafikia wapishi upande wa pili wa uwanja. Wenzake wakampa jina la Tarumbeta, naye akalipokea kama mtu anavyopokea kofia iliyomkaa vizuri.

Kazi aliijua. Alijua kwamba shuka yenye damu huloweshwa kwanza kwenye maji baridi, kwa sababu maji ya moto hulipika doa na halitoki tena. Alijua mifuko myekundu inatoka wodi gani, na kwamba mtu akishagusa upande mchafu havuki kwenda upande safi bila kunawa, awe dobi, awe daktari bingwa. Siku moja alimrudisha daktari bingwa mlangoni, mbele ya watu, akanawe. Daktari alinawa.

Lakini mbele ya meza ya usaili mwanamke huyu alikuwa mtu mwingine kabisa.

Mara ya kwanza nafasi ya usimamizi ilipotangazwa, aliomba, akavaa, akaenda, akakaa benchi. Mwombaji aliyemtangulia alitoka akizungumza taratibu kama msomaji wa habari. Tarumbeta alimsikiliza, akainuka kimya kimya, akarudi kwenye mashine zake. Karani akaandika: hakufika. Mara ya pili aliingia. Mwenyekiti akamwambia, "Karibu, mama. Jieleze." Naye akajieleza kwa sauti ile ile ya kuvuka mashine tatu. Wale wa mezani walirudi nyuma na viti vyao. Mwenyekiti akasema, "Mama, sisi si viziwi." Hakusema kwa ubaya, lakini neno lile lilimfunga ulimi. Tangu hapo alijibu ndiyo na hapana tu mpaka mwisho, na kazi akapewa mtu wa nje, aliyekaa mwaka mmoja na nusu akahama.

Sasa nafasi ilitangazwa tena, na kanuni za hospitali ile zilikuwa wazi: aliyeomba mara tatu asipate, haombi tena. Hii ilikuwa ya mwisho.

Aliposikia hivyo, wifi yake alikuja nyumbani Jumamosi hiyo hiyo alasiri. Huyu ni dada wa mumewe, karani katika ofisi ya usafirishaji, ambaye mara nyingi ndiye huandika majibu ya watu wanaofanyiwa usaili. Alikuja na mkoba mkubwa na mtoto wake wa miezi minne mgongoni.

"Wifi," alisema akiketi, "safari hii huendi kufa kikondoo."

"Siendi!" aliitikia Tarumbeta, na paka aliyekuwa dirishani akaruka nje.

"Unaona? Hapo ndipo tatizo lako linapoanzia. Sauti! Unanijibu mimi au unamjibu mtu aliye kwenye gari?"

"Mimi hivi ndivyo ninavyoongea!"

"Hivi ndivyo unavyotisha watu." Wifi alimshusha mtoto, akamlaza kwenye kochi, akamfunika. Mtoto alikuwa amelala fofofo. "Haya. Kaa hapa, karibu naye. Nitakuuliza maswali kumi. Ukimwamsha, utambembeleza mwenyewe mpaka alale tena, na tunaanza upya."

Huo ndio uliokuwa ufundi wa wifi, na sijapata kusikia mwingine kama huo. Mtu aliyelea watoto wanne hahitaji kufundishwa kusema karibu na mtoto aliyelala. Tarumbeta aliushusha mdomo, akaushusha na moyo, na sauti ikaja yenyewe, laini, ya chini, inayoeleweka. Hata yeye alishangaa. Mumewe, fundi viatu, aliyekuwa mlangoni na kiatu cha mteja mkononi, alisimamisha sindano.

"Nani huyo anayeongea?" aliuliza.

"Mkeo."

"Basi nimwoe tena."

Walimkalisha na yeye mezani, awe daktari wa jopo. Akavaa miwani yake ya kushonea, akakunja uso.

"Mwombaji," alianza, "tueleze wewe ni nani."

"Kwani hunijui?"

"Hapa sikujui."

"Miaka ishirini na mbili hunijui?"

"Wifi!" dada wa mume aligonga meza kwa kidole. "Hapo ungeshafukuzwa. Na wewe, kaka, acha kucheka, daktari gani anacheka?"

Kikwazo kilikuwa mama mkwe. Bibi huyu aliishi nao, na masikio yake yalikuwa yamekuwa mazito miaka mingi. Alikaa pembeni kwenye kiti chake, akawatazama wote wakinong'ona, uvumilivu ukamwishia.

"Amesema nini?" aliuliza kwa sauti ya mtu asiyejisikia.

"Amesema ana uzoefu wa miaka kumi na tisa, mama," alijibu mwanawe wa kike.

"Amekufa nani?"

"Uzoefu, mama! Wa kazi!"

Mtoto akaamka, akaanza kulia. Tarumbeta akambeba, akazunguka naye chumba kizima, huku mabega yakimtikisika kwa kicheko alichokuwa anakimeza. Bibi akaendelea: "Msimfundishe mkwe wangu kunong'ona. Nyumba nzima hii namsikia yeye peke yake. Ninyi wengine mnatafuna maneno kama mbuzi."

Ikawa hivyo kila Jumamosi na Jumapili alasiri, kwa wiki tatu. Mtoto aliamka mara nyingi wiki ya kwanza, mara mbili wiki ya pili, na wiki ya tatu alilala maswali yote kumi, hata bibi alipopiga chafya. Wifi alimfundisha pia kuingia, kusalimia, kungoja aambiwe kaa. Alimfundisha kutowakata watu maneno. Kitu kimoja hakikukaa vizuri.

"Watazame machoni, wifi. Wewe unanitazama mdomo."

"Nimezoea. Kazini tusipotazamana midomo hatuelewani."

"Basi jizoeshe. Mtu akikutazama mdomo unadhani una chakula kimebaki."

Mpaka hapo yote yalikuwa mema. Lakini Jumapili ya mwisho wifi alileta mafunzo ya aina nyingine.

"Watakuuliza kosa lako kubwa, au udhaifu wako," alisema. "Usiwape kitu cha kweli. Sema: udhaifu wangu ni kufanya kazi kupita kiasi. Wote husema hivyo."

Tarumbeta alimtazama. "Wote?"

"Karibu wote."

"Na wanaouliza wanaamini?"

"Hawaamini. Lakini ndiyo lugha ya mle. Na kwenye karatasi yako hapa, tuandike una kozi ya kompyuta. Nani atakwenda kuangalia?"

"Wifi, kompyuta mimi najua kuiwasha na kuiogopa."

"Piga chuku kidogo tu. Kila mtu anatia chumvi."

"Chumvi kwenye chakula. Hapo nikitia, nitakuwa naogopa vitu viwili: meza yao na karatasi yangu mwenyewe. Moja linanitosha."

Sitaki neno hili lipite hivi hivi. Wifi alikuwa mtu mwema na alimpenda, lakini hapo alikosea, na kosa hilo limeenea. Watu wanafundishana kwamba kujiamini ni kujikweza, kwamba anayeingia chumbani na uongo uliopigwa pasi ndiye jasiri. Mimi nasema huyo ndiye mwoga kuliko wote, kwa sababu amekwenda kwenye usaili akamwacha mtu halisi nyumbani. Kujitayarisha ni haki na ni wajibu: jifunze, vaa vizuri, rekebisha sauti, uliza maswali. Lakini ukishaanza kutayarisha uongo, hujitayarishi tena. Unamtayarisha mtu mwingine aende badala yako, na akipata kazi ni wewe utakayeifanya.

Wifi hakubishana sana. Alikunja ile karatasi, akasema, "Haya. Nenda na ukweli wako. Lakini jikaze kisabuni."

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano asubuhi. Wifi aliomba ruhusa kazini akamsindikiza. Benchi lilikuwa kwenye korido, mbele ya chumba cha mikutano ambacho ukuta wake wa upande huo ni kioo kitupu, na pazia zito limevutwa ndani. Waombaji walikuwa watatu. Wa kwanza mama mnene mtaratibu aliyefanya kazi katika hoteli, wa pili kijana mwenye tai ya buluu na viatu vinavyong'aa, na wa mwisho Tarumbeta. Kijana alipotoka ndani alikuwa anatabasamu.

"Vipi huko?" wifi alimwuliza.

"Rahisi tu, dada. Unajibu kwa kujiamini, basi."

Tarumbeta aliinuka. Wifi akamshika mkono. "Mtoto amelala," alimnong'oneza. "Ingia."

Akaingia. Mezani walikuwa watatu. Katikati mwenyekiti, katibu wa hospitali, yule yule wa "sisi si viziwi". Kulia kwake muuguzi mkuu, mama mwenye mvi na macho makali. Kushoto fundi mkuu wa mitambo, mzee mwenye kalamu tatu mfukoni. Tarumbeta alisalimia, akangoja, akaambiwa kaa, akakaa. Aliulizwa historia yake akaieleza kwa ile sauti ya kando ya kochi. Aliulizwa kuhusu mifuko myekundu, akajibu. Aliulizwa angefanya nini wafanyakazi wawili wakigombana, akajibu, na muuguzi mkuu akaitikia kwa kichwa. Mambo yalikuwa yanakwenda kama maji kwenye bomba jipya.

Kisha fundi mkuu akamwinamia mwenyekiti na kumnong'oneza jambo. Hakutoa sauti hata kidogo. Lakini alikuwa amegeuza uso nusu tu, na Tarumbeta, ambaye dakika ishirini nzima alikuwa amejilazimisha kutazama macho, alichoka sekunde moja. Macho yake yakashuka mahali yalipozoea. Mdomo wa fundi mkuu ulikuwa unasema: Sasa namwuliza kwa nini mashine namba mbili inatikisika. Wenzake wote wamesema ni mkanda. Si mkanda. Nimegundua jana: ni miguu yake, haijakaa sawa sakafuni.

Mashine namba mbili! Ilikuwa imemsumbua miezi mitano. Ilitikisika hadi ikasogea, yeye akaapa ni mkanda, mkanda ukabadilishwa, ikaendelea kutikisika. Mshangao ulimtoka kabla hajajua.

"Kumbe ni miguu!"

Sauti ilikuwa ile ya mashine tatu. Glasi ya maji ya mwenyekiti ilitikisika. Muuguzi mkuu aliweka mkono kifuani. Mlango ukafunguliwa na mlinzi akachungulia, akaambiwa hakuna kitu, akaufunga huku hajaamini.



"Miguu ya nini, mama?" fundi mkuu aliuliza polepole.

"Ya mashine namba mbili."

"Swali hilo sijakuuliza."

"Najua, bwana. Ndiyo ulikuwa unataka kuniuliza."

Mwenyekiti aliweka kalamu chini. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Mama," alisema, "maswali haya yalifungiwa kabatini. Nani amekupa?"

Hapo Tarumbeta alielewa kilichomwangukia. Angeweza kusema amekisia. Angeweza kusema ameifikiria mashine ile usiku na mchana mpaka akagundua, na nani angembishia? Wangemwona mwenye akili kuliko waombaji wote. Kazi ya maisha yake ilikuwa mezani, inchi chache kutoka mkononi, na njia ya kuichukua ilikuwa neno moja dogo la uongo.

"Hakuna aliyenipa," alisema. "Nimekuona bwana fundi ukimwambia mwenyekiti. Sisi wa udobi tunasoma midomo, kelele zimetufundisha. Sikukusudia, lakini nimesoma, na jibu si langu. Ungeniuliza kabla, mimi ningesema mkanda. Ningesema kwa uhakika kabisa, na ningekosea. Kwa hiyo swali hilo naomba msiniandikie alama."

Fundi mkuu alimtazama mwenyekiti. Mwenyekiti alimtazama muuguzi mkuu. Muuguzi mkuu alisimama.

"Tutajua sasa hivi kama ni kweli," alisema. Alifungua pazia lote, akatoka nje, akafunga mlango, akasimama koridoni upande wa pili wa kioo. Wale wa benchi walimtazama kwa mshangao. Alisema maneno kadhaa, midomo ikicheza, na ndani hakikusikika kitu.

"Amesema nini?" mwenyekiti aliuliza.

"Amesema kiatu chake cha kushoto kinambana tangu asubuhi."

"Ni hilo tu? Mbona amesema mengi?"

Tarumbeta alikunja mikono mapajani. "La pili si vizuri niliseme, bwana."

"Sema, mama. Hili ni jaribio."

"Amesema mwenyekiti anapenda kuongea kuliko kusikiliza."

Fundi mkuu alicheka mpaka kalamu moja ikamtoka mfukoni. Muuguzi mkuu alirudi ndani akichechemea kidogo, akaulizwa, akakiri yote mawili bila kupepesa macho. Mwenyekiti alijaribu kukunja uso ukakataa kukunjika. Kwanza mashavu, kisha mabega, mwishowe akacheka na yeye, akijifuta macho kwa kitambaa.

"Sasa tutaendeleaje?" alisema. "Tukiteta anatuona."

"Funikeni midomo," Tarumbeta alisema kwa adabu. "Mimi sitachukia."

Basi nusu saa iliyobaki ya usaili ule ilikwenda hivyo: wakubwa watatu wa hospitali, watu wazima wenye vyeo, kila wanapotaka kuteta wanainua majalada mpaka puani kama watoto wanaocheza kujificha. Hofu gani ingebaki katika chumba kama hicho? Tarumbeta hakuhitaji tena kumkumbuka mtoto aliyelala. Alisema kwa sauti yake ya kati, ambayo hata yeye hakujua kwamba anayo.

Muuguzi mkuu akashusha jalada. "Tuambie kosa kubwa ulilowahi kufanya kazini."

"Mwaka wangu wa pili," alijibu mara moja, "nilifungulia maji ya moto kwenye shuka za damu. Shuka thelathini na mbili kutoka wodi ya wazazi. Madoa yakaiva. Nilizibeba mwenyewe nikampelekea muuguzi wa zamu, nikamwambia ni mimi."

"Ukaadhibiwa?"

"Nilizisugua kwa mkono siku tatu. Sita zilikubali. Tangu siku hiyo, mfanyakazi mgeni yeyote haanzi na sabuni. Anaanza kwa kunionyesha bomba la baridi liko wapi."

Muuguzi mkuu aliandika. Mwenyekiti akauliza la mwisho. "Na mashine namba mbili? Sasa umeshajua ni miguu. Ungefanya nini?"

"Ningeizima, ningemwita bwana fundi. Mimi ni dobi. Miguu ya mashine si kazi yangu, kazi yangu ni kutoiacha itikisike miezi mitano kwa kuwa nilishasema ni mkanda."

"Asante, mama. Utungoje nje," mwenyekiti alisema. Kisha akaongeza, "Nikuambie ukweli na mimi. Kabla hujapiga ile kelele, nilikuwa nimeshaandika hapa kwamba sauti yako haitafika hata mlangoni. Nimekata."

Akatoka, akakaa benchi. Na hapo ndipo ulipokuja mtihani ambao haukuwa kwenye karatasi ya mtu yeyote. Lile pazia alilolifungua muuguzi mkuu, hakuna aliyekumbuka kulifunga. Wote watatu walikuwa pale, nyuma ya kioo, wanajadiliana bila majalada, midomo wazi kama kitabu kilichofunguliwa.

Tarumbeta aliinuka, akageuka, akakaa tena akiwa ameupa mgongo ule ukuta wa kioo, miguu upande wa pili wa benchi, uso ukitazama ukuta mtupu.

"Unafanya nini?" wifi aliuliza.

Akamweleza kwa kifupi. Wifi nusura aruke.

"Geuka basi! Tazama kidogo tu! Wanasema nini?"

"Sitazami."

"Wifi, moyo wangu unataka kupasuka!"

"Na wangu. Lakini nitaambiwa sasa hivi kwa haki. Kwa nini nijue mapema kwa wizi?"

"Mimi ningetazama."

"Tazama. Hujui kusoma."

Wifi akatazama kweli, amebana macho, amenyoosha shingo. "Yule mzee wa kalamu amesema... nadhani amesema ndizi."

"Ndizi?"

"Au mbuzi. Halafu mama wa mvi amesema hapana. Sijui amekataa mbuzi au amekukataa wewe."

Yule mama wa hoteli alianza kucheka chini chini, na kijana mwenye tai akasogea karibu. "Samahani, mama," alimwambia Tarumbeta, "kuna sauti ilitoka mle ndani. Tuliruka hapa wote. Ilikuwa wewe?"

"Ilikuwa mimi."

"Ulisema 'miguu'. Tumekaa hapa tunajiuliza miguu ya nani."

Kabla hajajibu, mlango ukafunguliwa. Mwenyekiti alitoka mwenyewe, wenzake nyuma yake. Alimkuta Tarumbeta amekaa kinyume, ameukabili ukuta, na ilimchukua muda kidogo kuelewa. Alitazama kioo, akatazama pazia, akatazama mgongo ule uliokaa wima.

"Hukutazama?" aliuliza kwa upole.

"Sikutazama, bwana."

"Basi geuka nikuambie usoni. Tumekubaliana wote watatu. Kazi ni yako, kuanzia Jumatatu."

Wifi alipiga kigelegele kilichowatoa wauguzi wodini. Tarumbeta mwenyewe, mwanamke aliyeitwa tarumbeta na hospitali nzima, alifungua mdomo na hakuna kilichotoka. Alimshika mwenyekiti mkono kwa mikono yake miwili, akautikisa, akautikisa tena.

Alipopata sauti, neno lake la kwanza halikuwa la shukrani. "Bwana," alisema, "hawa wenzangu wawili wapo hapa. Nami benchi hili nalijua. Wasirudi nyumbani kungoja barua. Waambieni sasa, na muwaambie walikosea wapi."

Mwenyekiti alikubali. Alisimama pale pale koridoni akawaeleza wote wawili, mmoja mmoja, kwa heshima. Mama wa hoteli alishukuru akampa Tarumbeta mkono. Kijana alisikiliza ameinamisha kichwa, akilegeza tai yake, mpaka fundi mkuu alipofika kwenye swali la mashine namba mbili.

"Miguu?" kijana alisema. Alimgeukia Tarumbeta, macho yamemtoka. "Kumbe ndiyo miguu yenyewe! Mama, mimi nilisema mkanda. Nilisema mkanda kwa kujiamini kabisa! Hata mezani niligonga."

"Usijali, mwanangu," Tarumbeta alimwambia. "Hata mimi ningegonga."

Kijana akaanza kucheka, akashindwa kuacha, na benchi zima likamfuata, wakubwa na wadogo, mpaka mlinzi akaja kuwaomba wakumbuke kwamba pale ni hospitalini.